Bibi Yako Hakutaka Ukatwe

Makole, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Nyemo,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: uko kwa shangazi yako unaaga, na bila shaka ameshakulazimisha kula mara ya pili. Yangu si nzuri. Nimekaa sebuleni na daftari la mdogo wako Rehema, jua halijazama bado, na nimeshachana karatasi tatu.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekuhubiria vya kutosha kuhusu chandarua, ndala za bafuni na watu wa stendi ya Mwanza wanaobeba mizigo ya watu bila kuombwa. Mimi nina jambo moja. Linamhusu bibi yako wa Mlali, Mungu amrehemu, na kisu kilichopita kooni kwako ukiwa na miaka mitano. Niliwahi kukueleza habari ile kwa sentensi moja, na sentensi ile ilikuwa ya uongo. Sitaki uondoke nayo kesho.

Utacheka kuona baba yako ameshika kalamu. Mimi ni mtu wa minadani. Leo Msalato, keshokutwa Kibaigwa, napanda juu ya meza ya mitumba na kuita hadi wauza mbuzi wa upande wa pili wanageuka. Sauti ndiyo duka langu. Lakini hili limenishinda kulisema kwa mdomo. Hata juzi tulipokwenda kununua begi lako nilikuwa nimejipanga kabisa, nikafungua kinywa, nikaishia kumuuliza muuzaji kama zipu ni nzima.

Sauti yako ilianza kukauka ukiwa na miaka minne. Tulidhani ni mafua, halafu tukasema ni vumbi la kiangazi, halafu tukasema unalia sana. Ilikauka ikabaki hivyo. Ukawa unaongea kama mtu aliyeamka sasa hivi, na ukicheka kinatoka kitu cha kukwaruza ambacho, Mungu anisamehe, kilinifurahisha. Nilikuita "mzee wangu" mbele ya wateja. Walicheka, na wewe ulicheka nao, nikaona hakuna neno.

Mwaka uliofuata mama yako alikuwa karibu kujifungua Rehema, miguu imemvimba, tukakupeleka Mlali ukae kwa bibi yako kwa muda. Hapo ndipo nilipoleta ujuaji wangu. Wenzangu wa mnadani walishaniambia kwamba una kimeo kirefu, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, na kwamba ndicho kinachokukwaruza koo, kikikatwa utapona. Niliwaamini upesi kwa sababu mimi mwenyewe nilikatwa kimeo nikiwa na umri kama wako, na tangu utoto nimeambiwa kwamba kisu kile ndicho kilichonifungulia sauti. Kila nilipopanda juu ya meza na kuita, nilimshukuru fundi wa vimeo kimoyomoyo.

Nilikwenda Mlali na marobota yangu, nikamkuta bibi yako anapepeta uwele.

"Mama," nilimwambia, "nimeshaongea na fundi. Kesho asubuhi anakuja."

Hakuweka ungo chini. "Fundi wa nini?"

"Wa kimeo. Mtoto akatwe, apate sauti."

"Huyu hana kimeo cha kukata. Nimemfungua kinywa juani nikamtazama. Tumpeleke kwanza zahanati wamwangalie."

"Mama, mimi si nilikatwa? Na sauti yangu unaisikia."

"Wewe ulizaliwa unapiga kelele," alisema. "Kabla ya kisu ulikuwa hivyohivyo. Waulize majirani."

Ningecheka, mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshampa fundi ahadi, na sikupenda kurudi kwake kumwambia mama amenikatalia. Nikasema neno ambalo mtu hapaswi kumwambia mama yake. Nilisema, "Mtoto ni wangu." Kwetu baba mtu akishasema hivyo bibi hana pa kushika tena, na mimi nilijua hana pa kushika, ndiyo maana nikalisema.

Asubuhi fundi alipofika nilimwonyesha ulipo, nikabeba marobota yangu nikaenda mnadani. Nilijiambia kwamba siku ya mnada haisubiri. Ukweli ni kwamba sikutaka kuona. Nikamwachia mama yangu kazi ya kukushika.

Kwa hiyo unachokikumbuka ni kweli, Nyemo. Mikono iliyobana kichwa chako ilikuwa ya bibi yako, na magoti uliyolalia yalikuwa yake. Usichokikumbuka ni kilichofuata, kwa sababu ulikuwa umelegea. Damu haikukata. Fundi alisema itakata yenyewe. Bibi yako hakubishana naye; alikufunga mgongoni kama mtoto mchanga, mwanamke aliyepita miaka sitini, akatembea na wewe juani hadi zahanati. Nesi akamfokea mbele ya watu, "Nani kawatuma kumkata mtoto huyu?" Akajibu, "Mimi."

Nilipomuuliza baadaye kwa nini alijitwika, aliniambia, "Ningekutaja wangekuita. Na wewe una mdomo, ungegombana nao, mtoto asitibiwe."

Mimi nilirudi jioni na gauni la manjano nililokuchagulia kwenye robota. Ulikuwa umelala, mdomo wazi. Nililitundika kwenye msumari, nikatoka nje. Mama yako nilimwambia kwa simu kwamba bibi alikuona una kimeo, akakikata, na sasa unaendelea vizuri. Alikuwa na kichanga cha siku nne. Aliniamini.

Sauti haikurudi, ilizidi kushuka. Ukaanza darasa la kwanza ukiwa na sauti ya mtu aliyelala na baridi. Mambo yako ya shule niliyajua nusunusu, na mengi niliyajua kwa kuchelewa. Najua walikuita Redio Mbovu. Najua mwalimu mmoja alikuhamishia nyuma kwa sababu ulipoambiwa usome kwa sauti darasa lilicheka na somo likaharibika. Hakuwa mtu mbaya, alitaka somo lake liendelee. Ukaacha kunyoosha mkono. Kwenye madaftari ulikuwa wa pili, wa tatu, na kwenye ripoti waliandika "hashiriki darasani," nami nikakugombeza kwa neno hilo kama umetukana mtu.

Halafu ile siku ya choo cha shule. Mlango ulikwama, ukaita, na wasichana walikuwa wanacheza rede hatua chache tu kutoka hapo. Hakuna aliyesikia. Ulikaa mle hadi kengele ya kutoka, mwanafunzi mwingine alipokuja kujisaidia. Hukunieleza mimi. Ulimweleza mama yako, na mama yako akanieleza mimi, na unajua nilifanya nini? Nilisema, "Angepiga mlango kwa nguvu." Kesho yake nilikuchukua mnadani, nikakupandisha juu ya meza yangu, nikakuamuru uite wateja ili koo lifunguke. "Toa kifuani! Ongeza!" Uliita "karibu mama" hadi mishipa ya shingo ikasimama, kinatoka kitu kama mchanga. Wateja waliacha kuchagua nguo. Mama mmoja alikuja akakuteremsha mwenyewe, akaniambia, "Baba, huyu mtoto anaumwa." Mtu baki aliona kwa dakika mbili kitu nilichokataa kukiona kwa miaka.

Ulipofika miaka kumi na mmoja ukawa unakoroma hadi Rehema anahamia kitandani kwetu, na ukikimbia kidogo pumzi inapiga filimbi. Hapo ndipo nilipokupeleka hospitali ya hapa mjini. Daktari alikuingiza kamera ndogo kooni, akaniita nitazame kwenye kioo. Nilikiona. Kwenye nyuzi zako za sauti palikuwa na vinyama vimeota pamoja, kama kishada cha zabibu changa, ila kidogo sana. Alisema ni ugonjwa unaowapata watoto, husababishwa na kirusi, hutolewa na huweza kuota tena, na kwamba ungeletwa mapema mambo yangekuwa mepesi zaidi. Kisha akakumulika kinywani akauliza, "Kimeo kiko wapi?"

"Alikatwa, daktari. Kwa ajili ya hiyo sauti."

"Kimeo hakihusiki na sauti kukauka hivi," alisema. "Alikatwa bure."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anaandika huku anaongea. Lakini wewe ulikuwa umekaa hapo na masikio yako ni mazima, na tulipotoka kwenye korido ulinishika mkono wa shati ukaniuliza kwa ile sauti, "Baba, nani alisema nikatwe?"

Nilikuwa na nafasi yote. Hapakuwa na mtu wa karibu. Nikakuambia, "Ni mambo ya bibi yako. Unajua wazee wa kijijini."

Ndiyo hiyo sentensi. Bibi yako alisema uongo siku moja ili utibiwe, mimi nikauazima uongo wake nikaufanya nyumba, nikahamia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na urefu wa miaka minane. Umefanyiwa upasuaji mara tano, na kila ulipolala kwenye kitanda kile cha magurudumu nilijiambia nitasema akiamka. Ukiamka umekatazwa kuongea siku kadhaa, unaandika kwenye kidaftari, nami nikajipa sababu kwamba si haki kumpa habari nzito mtu asiyeweza kujibu. Angalia ujanja wa baba yako.

Tangu siku ile ya korido hukukanyaga tena Mlali bibi yako akiwa hai. Likizo zilipofika uliumwa kichwa, au una masomo ya ziada. Bibi yako alituma karanga, akatuma mlenda wa kukausha, akatuma kitenge ulipofaulu kwenda sekondari. Karanga walikula wengine. Kitenge kiko chini ya sanduku, hakijafunuliwa. Aliuliza kosa lake kwa kila aliyetoka mjini, na mtu pekee aliyelijua jibu alikuwa mwanawe, nami nilimjibu, "Watoto wa siku hizi, mama, hawapendi kijijini." Hakuwa mjinga. Alijua. Hakuniuliza tena.

Miaka miwili iliyopita tulimzika. Ulisimama mbali, karibu na ukuta wa zizi, macho makavu, na shangazi yako akakusema kwa watu kwamba moyo wako ni jiwe. Nilisikia. Nilikuwa nimeshika koleo. Ningeweza kusema hapohapo, mbele ya ukoo mzima, kwamba jiwe ni mimi. Nikaendelea kujaza udongo.

Sasa nikuambie kinachonitia uchungu kuliko vyote, maana kinaondoka na wewe. Ulipochagua kusomea maabara nilifurahi, nikakuuliza kwa nini maabara. Ukasema, "Kule hakuna kuongea sana." Ulisema huku unafunga kamba za viatu. Tangu ukiwa mdogo nilikusikia unasema unataka kuwa mwalimu, unawapanga wanasesere wa Rehema ukutani unawafundisha kwa kunong'ona. Kama maabara unaipenda, ipende, ni kazi ya heshima, na wewe una jicho. Kama umeikimbilia kwa sababu ya watu wanaogeuka ukifungua kinywa, basi jua kwamba nyumba hii ndiyo iliyokufundisha kukimbia. Dukani tulimtuma Rehema akusemee. Mezani Rehema alikuombea sala zamu yako ikifika. Tuliona tunakupunguzia mzigo, kumbe tulikuwa tunakuzoeza kutokuwepo.

Sina busara za kukupa. Nina kitu kimoja nilichojifunza kwa kukikosea. Nimeita watu kwa sauti kubwa maisha yangu yote na nilidhani mwenye sauti ndiye mwenye neno. Wewe umekuwa ukisema maneno ya maana kwa sauti ya chini kwa miaka kumi na tano, na mimi nilikuwa nasikiliza sauti badala ya maneno. Chuoni utakutana na watu kama mimi, wepesi wa kukumalizia sentensi. Waache wakae na haraka yao. Wewe malizia.

Na pumzi ikianza kubana, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usikubali asali na tangawizi ya mtu yeyote, hata akiwa na sauti nzuri kiasi gani. Hili ndilo agizo langu pekee.

Mama yako nimemwambia leo mchana. Alikuwa anakunja nguo zako. Sikuzunguka, nilisema tu kwamba bibi alikataa na mimi ndiye niliyemleta fundi. Alikunja sketi ile ya bluu, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akasema, "Nilimnunia mama wa watu hadi akafa." Tangu hapo hajaniambia neno lingine, na ninamwelewa.

Nilifikiri kukutilia barua hii ndani ya begi, uisome ukiwa umeshapita Singida, mimi nikiwa salama huku. Nikaona ni tabia yangu ileile ya kukimbilia mnadani wakati wengine wanashika. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukirudi sasa hivi kutoka kwa shangazi yako, nami nitakaa hapahapa kwenye kiti hadi umalize kusoma. Ukitaka kunisema, niseme. Ukitaka nisikusindikize stendi kesho, mama yako na Rehema watakusindikiza. Hasira uliyokuwa nayo kwa miaka minane ilikuwa haki yako yote, ila nilikuonyesha mlango usio wake. Mlango ni huu.

Limebaki moja, na hili sijamwambia hata mama yako.

Wiki mbili kabla bibi yako hajafa nilikwenda Mlali peke yangu. Alikuwa amepungua sana, ameegemea ukuta na blanketi mchana wa jua. Nikamwambia, "Mama, nitamweleza Nyemo ukweli. Nikirudi tu, namweleza, namleta."

Akatikisa kichwa. "Usimweleze sasa. Bado anatibiwa, na wewe ndiye unayempeleka. Akijua ulimdanganya atamwamini nani kule hospitali? Mimi naondoka. Acha anichukie mimi."

Nikatii. Mara ile ya kwanza alisema neno la haki nikamkatalia, na mara ile ya mwisho alisema neno la kunipendelea nikamtii upesi.

Halafu akaniuliza, "Siku hizi anaongeaje?"

Nikamwambia bado sauti ni kavu, lakini ni nzuri, ya chini, mtu akituliza masikio anaisikia vizuri.

"Sijaisikia tangu akiwa mdogo," alisema. "Hebu niigizie. Nisikie mjukuu wangu anavyosalimia."

Sikuwa na hata sauti yako moja kwenye simu yangu, Nyemo. Nina za wateja na za madalali, yako sina. Kwa hiyo mimi, mwanamume mzima mwenye mvi, nikashusha sauti yangu hadi chini kabisa, nikaikwaruza, nikasema, "Shikamoo, bibi."

Alifumba macho. Akatabasamu, kisha akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Umekua."

Niliipokea marahaba ile kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuipokea. Lakini haikuwa yangu. Ni yako, naikabidhi.

Baba yako